Kaka aliuza shamba la baba, sasa ameokoka: je, nikikataa kusaini sijasamehe?

*"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nauza karanga na maharage soko la Majengo. Baba yetu alifariki mwaka 2015 akaacha shamba la ekari sita kule Nala. Tumezaliwa wanne. Mwaka 2019 kaka yetu mkubwa aliuza ekari nne bila kumwambia mtu, tulijua siku tulipokuta bikoni zimeshapandwa. Pesa zikawa pikipiki mbili za bodaboda na bati za nyumba yake. Mama presha ilimwanza hapo. Mwaka jana kaka aliokoka. Alisimama kanisani akasema, 'Naomba familia yangu wanisamehe kwa yote,' watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwangu hajafika, na kwa mama hajalitaja. Sasa ameleta muhtasari wa kikao cha familia tusaini ili awe msimamizi wa mirathi ya ekari mbili zilizobaki. Nimekataa. Mzee wa kanisa akaja nyumbani akaniambia nina uchungu moyoni, na asiyesamehe hatasamehewa. Tangu hapo sishiriki Meza ya Bwana. Nimeomba, nimefunga, nimesema 'nimemsamehe' sijui mara ngapi, lakini nikimwona tu kifua kinabana, na usiku silali. Mume wangu ni Mwislamu, mtu wa Kondoa. Ananiuliza, 'Dini yenu inasema mwizi akilia mbele ya watu basi yameisha?' Nakosa la kumjibu. Je, nisaini? Na je, mimi bado ni Mkristo?"*

Marahaba, mama. Amina.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, wewe ni Mkristo. Mtu ambaye moyo wake umeshafungwa kwa chuki hafungi na kuomba ili apate nguvu ya kumsamehe ndugu yake. Hilo pambano lenyewe ni dalili kwamba Roho wa Mungu bado anafanya kazi ndani yako.

Na kuhusu kusaini: muhtasari huo, kama ulivyouandika hapa, usiusaini. Kukataa kwako si dhambi. Nitaeleza kwa kirefu kwa nini nasema hivyo, na pia nitakuambia mambo ambayo imani yako inakudai kweli kuhusu kaka yako, kwa sababu yapo, na si mepesi. Sitaki usome barua hii ukafurahi kwamba mchungaji amekupa ruhusa ya kumnunia ndugu yako maisha.

Mzee wa kanisa alikuja kwa nia njema, naamini. Lakini alifunga mambo matatu kwenye fundo moja: kusamehe, kupatana, na kuaminiana. Makanisani kwetu haya hufundishwa kana kwamba ni kitu kimoja, na watu wengi waliodhulumiwa wameumia kwa ajili hiyo, hasa wanawake na wadogo katika familia, kwa kuwa mzigo wa "kuleta amani" huwa wanatwishwa wao. Aliyekosa huambiwa "pole, Mungu amekusamehe". Aliyekosewa ndiye huwekwa kitimoto.

Tuanze na kusamehe. Kusamehe ni kazi yako wewe na Mungu, na haimsubiri kaka. Yesu alipofundisha kuomba alisema mnaposimama na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu; hakusema ngoja kwanza aje. Pale msalabani aliwaombea watu ambao hawakuwa wametubu hata kidogo. Kusamehe maana yake unaacha madai ya kisasi. Unaiondoa mikononi mwako ile hamu ya kumwona akianguka, pikipiki zake zikipata ajali, bati zake ziking'olewa na upepo. Unamkabidhi Mungu hukumu. Kwa hiyo mzee wako ana ukweli anapokukumbusha maneno ya Bwana juu ya asiyesamehe. Mfano ule wa Mathayo 18 unatisha na umekusudiwa kutisha: mtu aliyefutiwa talanta 10,000 anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, na talanta moja ni dinari maelfu. Hakuna mtumwa aliyeweza kulipa deni lile hata angefanya kazi maisha elfu. Huko ndiko tuliko sote mbele za Mungu, wewe, kaka yako, mzee wa kanisa na mimi.

Lakini hebu fungua tena sura hiyo hiyo ya 18 na uangalie kilichotangulia. Kabla Petro hajauliza "hata mara saba?" na kujibiwa "saba mara sabini", Bwana alikuwa ametoka kueleza nini? Alikuwa anaeleza cha kufanya ndugu yako akikukosea: uende umwonye, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, uchukue mtu mmoja au wawili, asiposikia, uliambie kanisa. Luka anaandika kwa ufupi zaidi: "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Tumezoea kukariri nusu ya pili. Hata ile amri tunayoiimba ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ukiitafuta ilikotoka, Walawi 19, mstari ulio juu yake unasema usimchukie ndugu yako moyoni, bali umkemee waziwazi, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Kumwambia ndugu ukweli juu ya ubaya wake ni sehemu ya kumpenda. Kunyamaza ili kikao kiishe upesi, huku moyoni unachemka, ndiko Maandiko yanakokuonya.

Sasa tuje kwenye kupatana. Huku kunahitaji watu wawili. Paulo alilijua hilo alipowaandikia Warumi: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kama yamkini. Kwa upande wenu. Kuna upande ambao si wako, na Mungu hatakuuliza habari zake. Upande wa kaka yako unaitwa toba, na toba ina umbo lake.

Mtazame Zakayo pale Yeriko. Naye aliokoka mbele ya watu. Ila angalia alichosema aliposimama: "Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hakusema "naomba wote niliowakosea wanisamehe kwa yote". Alitaja kosa, alitaja mali, alitaja kiasi. Ni baada ya hapo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Torati nayo ilikuwa imeweka utaratibu: aliyemdhulumu mwenzake alirudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, kisha ndipo akapeleka sadaka ya hatia kwa kuhani. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye.

Na hili si jambo geni kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, karibu na mwaka 1930 na kuenea Uganda, Kenya na hadi huku kwetu Tanganyika, ulijulikana kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: watu waliookoka walirudisha walivyoiba. Ng'ombe, zana za kazi, fedha za mwajiri, walivibeba na kwenda navyo mlangoni kwa mwenyewe. Wazee wengi wa Kianglikana hapa Dodoma wamelelewa katika mkondo huo. Ukimpata mmoja aliye hai, mwulize kama siku zile mtu aliruhusiwa kushuhudia wokovu bila kutaja kitu alichoiba na mtu aliyemwibia.

Wazee wetu wa Kigogo, kabla hata ya hayo, nao hawakupatanisha ndugu kwa maneno matupu. Kikao kilikaa, kosa likatajwa kwa jina, aliyekosa akatoa mnyama. Ile mbuzi ilikuwa na kazi: ilimfanya aliyekosewa aone kwamba mwenzake naye ameumia kidogo kwa ajili ya kosa lile.

Ndiyo maana ombi la kaka yako la "mnisamehe kwa yote", lililotolewa mbele ya watu wasio na dai lolote juu ya ekari zile, halikukupa amani. Ni mwanzo. Siwezi kusema alidanganya. Mtu mpya katika wokovu mara nyingi hajafundishwa, na makofi yanaweza kumfanya adhani kazi imekwisha. Lakini neno la Mathayo 5 linamhusu yeye moja kwa moja: ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako *ana neno juu yako*, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Ni nani hapa ambaye ndugu yake ana neno juu yake? Ni kaka. Anayepaswa kuacha sadaka na kupanda daladala kuja Nkuhungu ni yeye. Wewe uliyekosewa umejizuia Meza ya Bwana, na aliyekosa anashiriki kila inapoandaliwa. Mambo yamegeuzwa, mama.

Rudi mezani. Onyo la Paulo kwa Wakorintho juu ya kula isivyostahili liliwahusu wenye navyo waliokula na kushiba huku wakiwaacha ndugu zao maskini na njaa. Meza ile ni ya watu wanaojua wanahitaji rehema. Njoo na kifua chako kinachobana hivyo hivyo, umwambie Bwana ukweli wote.

Jambo la tatu ni kuaminiana, na hapa ndipo muhtasari ule unapoingia. Kijana akiwa amepewa ng'ombe achunge, akalala, wakapotea, baba yake anaweza kumsamehe jioni ile ile na kumpa ugali wake na mlenda wale pamoja. Kesho bado atamtuma na mtu mzima. Hakuna anayemwambia baba yule kwamba hajasamehe. Msamaha hutolewa bure. Uaminifu hujengwa tena kwa matendo, polepole, na mtu anaweza kuwa amesamehewa kabisa na bado asikabidhiwe kitu. Yohana anaandika kwamba watu wengi walimwamini Yesu walipoona ishara zake, lakini "Yesu hakujiaminisha kwao". Hakuwa na kinyongo nao. Aliwajua.

Soma tena habari za Yusufu, kuanzia Mwanzo 42. Yeye aliuzwa na ndugu zake, na Yuda ndiye aliyetoa wazo la kumuuza. Walipokuja Misri kutafuta nafaka, Yusufu alijitenga akalia, mara ya kwanza na mara ya pili; moyo wake ulikuwa umeshalainika. Hata hivyo hakujitambulisha. Alimweka Simeoni kizuizini, akadai Benyamini aletwe, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini. Mimi nasoma vitendo vile kama mtihani wa swali moja: hawa watu, wakipata nafasi ya kumwacha mdogo wao mwingine utumwani na wao kuondoka salama, watafanya nini? Na ni Yuda yule yule aliyesogea mbele akasema nichukue mimi badala ya kijana. Hapo ndipo Yusufu akashindwa kujizuia. Kulia kulitangulia, kupima kukafuata, kukumbatiana kukawa mwisho. Sijawahi kusikia mahubiri yanayomlaumu Yusufu kwa kukosa msamaha.

Nikupe na mtu wa karibu zaidi. Miaka ya 1940 na 1950 alifundisha hapa Dodoma mwalimu kutoka Uganda aliyeitwa Festo Kivengere, katika shule iliyokuja kuitwa Mazengo, ambapo leo pana Chuo Kikuu cha St John's. Baadaye akawa askofu kwao. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin, Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu wakakimbilia Rwanda. Akiwa uhamishoni alipambana na chuki yake mpaka akaweza kutangaza kwamba anampenda Amin na amemsamehe, na akaandika kitabu juu ya hilo. Wengi wanaikumbuka sehemu hiyo. Wanasahau kwamba hakurudi Uganda hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, na wala hakunyamaza kuusema uovu wake mbele ya dunia. Alisamehe akiwa ng'ambo ya mpaka.

Nirudi kwenye kifua kinachobana, kwa sababu unadhani ni ushahidi dhidi yako. Unaomba, unasamehe, unamwona kaka, mwili unashtuka, unahitimisha kwamba ulidanganya. Si hivyo. Mwili una kumbukumbu yake. Ulipozikuta zile bikoni, mwili wako ulijifunza kwamba mtu huyu ni hatari, na kila ukimwona unajiandaa kama uliyeona nyoka. Hilo haliondoki kwa kutamka neno "nimesamehe". Hupungua pale mwili unapopata sababu ya kuamini kwamba hatari imepita. Na kwako haijapita! Mtu aliyeuza ekari nne anaomba karatasi ya kuzishika mbili zilizobaki. Mwili wako unakuambia ukweli.

Kuna na jambo jingine ninalolihisi katika barua yako. Ulipopoteza shamba ulimpoteza baba mara ya pili. Sijui kama mliwahi kuuomboleza msiba huo wa pili. Kila mtu alikimbilia kwenye "tusamehe yaishe", na huzuni ambayo haikuliliwa hugeuka kuwa hasira isiyo na mahali pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kuomba tena kwa ujumla jumla, kaa chini na mtu mmoja unayemwamini, uyataje kwa majina yake. Shamba ambalo baba alilima uwele na karanga. Jinsi mama alivyokaa chini alipoambiwa. Kwamba kaka ni yule yule aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, kama alikubeba. Huwezi kusamehe "yote". Unasamehe hili, kisha hili, kisha lile, na lingine litarudi mwezi ujao na utalisamehe tena. Huenda saba mara sabini inahusu na kosa moja linalokumbukwa mara 490.

Hata hivyo, kifua kubana na kukosa usingizi kusiachwe kwa maombi peke yake. Nenda kituo cha afya wapime presha na moyo. Katika ukoo wenu presha ipo. Kama usingizi haurudi, au unajikuta unalia bila kujua kwa nini, au unafikiri heri usingekuwepo, usikae nalo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, au Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Najua mjini kwetu jina la Mirembe watu hulitumia kutukanana, na naona aibu kwa hilo. Ni hospitali yenye wataalamu wa kuzungumza na mtu aliyeelemewa, na kwenda huko si upungufu wa imani.

Sasa, hoja ambayo mzee wako anaweza kukuletea na ina uzito: Paulo, 1 Wakorintho 6, anawakemea waamini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, na anauliza kwa nini msikubali kudhulumiwa. Nalichukua neno hilo kwa uzito wake. Unaweza kuamua, mbele za Mungu, kwamba sehemu yako ya zile ekari nne umeiachilia, hutaidai kamwe. Ni uamuzi mzito na mzuri, mradi uufanye mwenyewe bila kusukumwa. Ila angalia mpaka wake: unaweza kufuta deni lako tu. Haki ya mama si yako kuifuta. Sehemu za ndugu zako wengine wawili si zako kuzifuta. Ukisaini muhtasari ule unagawa na vya mama, mjane ambaye Biblia nzima kuanzia Torati hadi Yakobo inaagiza alindwe. Na Paulo katika sura ile hakusema kesi zifunikwe. Aliuliza kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kanisani anayeweza kuamua kati ya ndugu. Kwa hiyo kanisa likikutaka usiende mahakamani, linawajibika kukaa na kuamua kwa haki, likiwa na karatasi mezani.

Kuhusu sheria, mimi si mwanasheria, na utamhitaji mmoja. Niseme tu yale ninayoyajua kwa uhakika. Mtu ambaye hajateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata awe mzaliwa wa kwanza. Muhtasari wa kikao cha familia ni pendekezo la nani ateuliwe, na si lazima awe kaka. Anaweza kuwa mama, mdogo wako, au wawili kwa pamoja, ili hakuna mmoja anayeweza kufanya jambo peke yake. Mwenye mashaka anaweza kuweka pingamizi mahakamani. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa kuieleza mahakama mali zilizopo na jinsi zilivyogawanywa. Mahakama ya Mwanzo hutumia Fomu Na. 5 na Na. 6 kwa kazi hiyo. Kama mirathi ya baba, akiwa Mkristo, iende Mahakama ya Mwanzo au ya juu yake hutegemea na alivyoishi, hilo mwanasheria atakueleza. Juu ya zile ekari nne, madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo usilale. Baraza la ardhi la kata siku hizi husuluhisha tu, halitoi hukumu. Hukumu iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na sasa barabara ya mzunguko kupita Nala, bei ya ardhi huko imepanda na nimeona familia nyingi za wacha Mungu zikiraruana kwa ajili ya viwanja. Msijione mmelaaniwa.

Basi ufanye nini na kaka? Kabla ya kwenda mahakamani, nenda umwonye, kama Bwana alivyoagiza. Kama una hofu ya kugombezwa au kupigwa, ruka hatua ya kukutana wawili tu. Enda na shangazi au mtu mzima anayeheshimika, mkutane kwa mama. Ukitishwa au ukiguswa, toa taarifa polisi, dawati la jinsia, bila kujali ameokoka au hajaokoka. Mwambie kwa utulivu, kwa mfano: "Kaka, nilisikia ulivyosimama kanisani, nikamshukuru Mungu. Nimekusamehe, na ninaendelea kukusamehe kila inaporudi. Lakini hujawahi kutuambia uliuza kwa nani, kwa shilingi ngapi, na karatasi ziko wapi. Mama anahitaji kuyasikia kwako. Ekari mbili zilizobaki naomba asimamie mtu mwingine. Nikikukatalia hili sikuchukii." Kisha nyamaza umsikilize. Kama toba yake ni ya kweli, utaona. Atataja kiasi. Atakubali msimamizi awe mwingine bila kununa. Huenda hana uwezo wa kurudisha ekari nne, lakini ana pikipiki mbili. Mapato ya pikipiki moja yanaweza kwenda kwa mama kila wiki, kwa dawa na unga, mpaka familia iridhike. Akifanya hivyo mwaka mzima, utakuta umeanza kumwamini bila mtu kukuhubiria.

Na kama atakasirika, aseme unamkumbusha ya kale ambayo Yesu ameyafuta? Hapo utakuwa umejua ulichohitaji kujua kuhusu muhtasari, na upande wako wa amani utakuwa umeutimiza.

Yapo mambo ambayo imani yako inakudai hata asipobadilika, nami sitakupunguzia. Usilitembeze jina lake pale sokoni Majengo. Watoto wake wasilipe deni la baba yao. Wakija kwako wale, walale, kama zamani. Akiugua, nenda ukamwone. Mkewe akijifungua, peleka uji. Paulo anasema adui yako akiwa na njaa mlishe, na huyu hata si adui, ni mtoto wa mama yako. Umwombee kwa jina, akue katika wokovu wake, hata siku ambazo ulimi ni mzito. Huku ndiko imani inakogharimu.

Mumeo ameuliza swali la haki, na mwambie hivyo. Mweleze kwamba kwetu mwizi akilia, Mungu humpokea, na Mungu huyo huyo humwagiza arudishe. Nadhani ataelewa kuliko unavyofikiri. Hata Waislamu wanafundishwa kwamba toba ya aliyedhulumu haijakamilika mpaka haki ya mtu irudi kwa mwenyewe. Mshirikishe katika jambo hili, ila mwombe asitangulie mahakamani kabla hujazungumza na kaka yako. Hasira yake inatokana na kukupenda.

Mzee wa kanisa nenda ukamwone tena, ukiongozana na mchungaji wako. Usiende kubishana. Muulize swali moja: kanisa limemfundisha nini kaka juu ya Zakayo? Na umwombe akae nanyi kwenye kikao hicho kwa mama, kama shahidi. Kikao kikipangwa, beba cheti cha kifo cha baba, barua yoyote ya serikali ya mtaa inayohusu shamba, na majina ya majirani wa mipakani wanaoijua. Nakala ya muhtasari alioleta kaka mpe mwanasheria auone wiki hii; hapa mjini msaada wa kisheria wa bure upo kwa wasio na uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii watakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Mpaka hapo, usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote, hata kama kalamu imeshikwa na mtu anayeomba kwa machozi.